Pimeni mfuniko kabla ya kubadili rejeta

Lori letu la dizeli lilikuwa likichemsha kila lilipopanda kutoka Moshi likiwa na mzigo, na fundi mmoja alishauri tununue rejeta nyingine. Niliomba kwanza mfuniko wa rejeta upimwe kama unashika presha, injini ikiwa imepoa kabisa, maana mvuke wake huunguza vibaya mno. Hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95, ilhali mfuniko mzima wa presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba huyazuia yasichemke hadi yapite nyuzi 115. Springi ya mfuniko wetu ilikuwa imelegea, na mfuniko mpya umemaliza tatizo. Kama mipira ya rejeta ingekakamaa mara tu injini baridi inapowashwa, ningeshuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, kwamba inavujisha presha ya injini kwenye maji.