Kilomita 1,250 kumfuata simba wa Pennsylvania

Simu niliiacha juu ya sinki, kwenye choo cha kituo cha mapumziko katika barabara ya kulipia ya Ohio, saa saba kasoro usiku wa kuamkia Jumamosi. Tiketi zetu mbili zilikuwa humo ndani. Siku hizi Marekani tiketi ya karatasi imekwisha. Mlangoni unaonyesha kioo cha simu, wanakiskani, unapita. Bila simu utakuwa umeendesha usiku kucha ili ukasikilize kelele za uwanja ukiwa nje ya ukuta.

Tulishakwenda maili 30 hivi ndipo shemeji akaniambia, "Bofrere, weka ile ramani." Kwao Lubumbashi ndivyo wanavyotuita sisi tuliowaoa dada zao. Nikapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa koti, chini ya kiti, kwenye mfuko wa chapati. Nikawasha taa ya ndani. Shemeji akanitazama mara moja tu, akaanza kupunguza mwendo.

Niseme kwanza tulikokuwa tunakwenda, maana wengi nyumbani mpira huu hawaujui. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka. Vyuo vikuu vya huku vina timu zinazojaza viwanja ambavyo timu nyingi za Ulaya hazina. Mimi naishi Coralville, ubavuni mwa Iowa City, jimbo la Iowa, na timu yetu ni ya Chuo Kikuu cha Iowa, jina lao ni Jicho la Mwewe, rangi njano na nyeusi. Tarehe 23 Septemba 2023 walikuwa wanacheza ugenini kwa Penn State, ambao nembo yao ni simba wa milimani. Mimi ni mtu wa Yanga tangu utotoni Kigoma. Kuvaa njano na kumfuata simba hadi kwake, hilo sikuhitaji kushawishiwa.

Kutoka kwetu hadi State College, mji wa Penn State, ni maili kama 780, yaani kilomita 1,250 na ushei. Ni kama reli ya kati yote, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Tuliondoka Ijumaa saa kumi jioni, shemeji akiwa ametoka kazini na mimi nikiwa nimeomba zamu yangu ibadilishwe. Illinois tuliipita bila neno. Indiana saa ikasogezwa mbele, tukapoteza saa nzima hivi hivi, na barabara yao ya kulipia ikachukua fedha ambazo mtu angeweka mafuta nusu tangi. Njia upande wa pili ilijaa magari ya bendera nyekundu, mashabiki wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha Ohio, wakielekea magharibi, South Bend, ambako timu yao nayo ilikuwa na mechi ngumu ya ugenini kwa Notre Dame, saa ile ile ya kwetu, Jumamosi saa moja na nusu usiku.

Sasa rudi kwenye simu. Barabara ya kulipia haina kugeuza. Ukikosea, unaendelea mpaka toko linalofuata, yaani njia ya kutokea, unalipa, unachukua kadi mpya, unaingia upande wa kurudi. Tukafanya hivyo. Shemeji akawa anaipigia simu yangu kwa simu yake, inaita, haipokelewi. Anakata, anapiga tena. Nikahesabu mpaka tisa nikaacha.

Tatizo ni kwamba vile vituo viko viwili viwili, kila upande na chake, vinatazamana. Tulipofika tukajikuta kwenye kituo cha upande wa magharibi, na ng'ambo nakiona kile chetu, taa zake zinawaka, mlango ule ule niliotokea, hata lile pipa la taka nililotupia mifupa ya kuku. Katikati yetu njia sita, malori yanapita kama treni, na ukuta wa zege. Nilisimama pale pembezoni mwa nyasi nikakadiria. Ni hatua mia moja, labda mia na hamsini. Shemeji akanishika koti kwa nyuma, hakusema kitu, ila hakuniachia mpaka tuliporudi garini. Ikabidi tuendelee magharibi mpaka toko jingine, tulipe tena, tugeuke tena. Nilipoteza saa moja na nusu na dola ambazo sikutaka kuzihesabu, na katika muda wote huo nilikuwa nafikiri neno moja tu: bateri.

Simu alikuwa nayo mama mmoja wa usafi, nywele nyeupe, ameegemea fimbo ya deki. Hakunipa. Akaniuliza, picha ya mbele ni ya nini? Nikamwambia, binti yangu, ana miaka sita, amevaa jezi ya njano na kijani, jino moja la mbele halipo. Akaangalia. Akaniuliza tena, "Na huyu Shemeji ni nani? Amepiga mara kumi na nne. Niliogopa kuna msiba." Nikamwonyesha shemeji nyuma yangu, nikamwambia ni kaka wa mke wangu. Akacheka, akaweka simu kiganjani mwangu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

Nikataka kumpa dola ishirini akakataa. Alipoona fulana yangu akauliza tunakwenda wapi, nikamwambia. Kumbe na yeye ni mtu wa mpira, wa Ohio State, na mwezi ujao Penn State walikuwa wanakwenda kwao. "Wachosheni," akasema, "watufikie wamechoka." Nikamuuliza yeye Jumamosi ataangalia wapi ya kwao. Akasema hapo hapo, kazini, kwa redio. Hiyo ilinipata vizuri, kwa sababu mimi mechi za ugenini nimezijua kwa redio miaka yote. Kwetu Kigoma, ya kusafiri kuifuata timu hata Dar ilikuwa habari ya watu wenye nafasi. Ugenini palikuwa mahali unapopasikia tu, panapokoroma na kupotea wimbi linapohama, na mtangazaji akinyamaza ghafla nyumba nzima inashika roho mkononi.

Tulifika chumbani alfajiri. Chumba chenyewe kilikuwa Clearfield, mwendo wa saa moja kutoka uwanjani, na walitutoza dola 289 kwa usiku mmoja na kutulazimisha kulipia usiku mbili, kitanda kikiwa kimebonyea katikati na maji ya moto yakija kwa zamu. Wikiendi ya mechi bei huwa hivyo, wanajua huna pa kwenda. Kuegesha gari kwenye nyasi, dola 60. Nyasi! Nitaisema tena bei hiyo mpaka nife.

Lakini matumaini yalikuwepo, na hayakuwa ya upofu. Iowa wakati ule haikuwa inafunga pointi nyingi, kila mtu alijua. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yupo tangu 1999, na mwanawe ndiye aliyekuwa msimamizi wa ushambuliaji. Mkataba wa mwana huyo mwaka huo ulimtaka timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi, jimbo zima likawa linahesabu pamoja naye. Nguvu yetu ilikuwa ulinzi, na mpigaji mmoja Mwaustralia, Tory Taylor, ambaye mambo yakikwama alikuwa anaupiga mpira kwa mguu mpaka mlangoni kwa adui, wao waanzie huko. Ulikuwa mpira wa subira, wa kuwaacha wenye nchi wakosee wenyewe. Tulikuwa tumeshacheza tatu na kushinda zote.

Tena historia ilituunga mkono. Mwaka 2004 Iowa ilishinda kwenye uwanja huo huo 6 kwa 4. Mwaka 2009, usiku, mvua, uwanja umevaa nyeupe, Penn State wakiwa katika tano bora za nchi, tukawapiga 21 kwa 10. Kwa hiyo nilipoona utabiri unasema manyunyu nilifurahi kama mkulima. Na mimi nilikuwa na ushahidi wangu mwingine. Tarehe 3 Juni mwaka huo huo Yanga walikwenda Algiers, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, wakawafunga USM Alger 1 kwa 0 kwao. Kombe tulilikosa kwa bao la ugenini, maana Dar tulifungwa 2 kwa 1, lakini kushinda pale tulishinda. Shemeji, mtu wa TP Mazembe, hakuhitaji kuambiwa: Aprili Yanga walimfuata hadi Lubumbashi wakamfunga 1 kwa 0 mlangoni kwake. Yeye akajibu kwa Abu Dhabi, 2010, Mazembe ilipowatoa Internacional wa Brazil 2 kwa 0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Basi gari zima lilikuwa na mifano ya wanyonge walioshinda ugenini. Kilichobaki ni Jumamosi kukubali.

Uwanja wa Penn State, unaoitwa Beaver, niliuona kwa mbali, ukiwa juu ya miti kama meli iliyokwama nchi kavu. Usiku ule uliingia watu zaidi ya 110,000, na karibu wote walivaa nyeupe, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yao kwa mechi kubwa ya usiku. Upande mmoja unapiga kelele maneno mawili, upande mwingine unajibu. Tulikaa juu kabisa kwenye kona, kwenye mabenchi ya alumini, na kelele zilipopanda sikuzisikia masikioni kwanza, nilizisikia kwenye nyayo. Benchi lilitetemeka, na maji ya mvua juu yake yakacheza kama ya kwenye sufuria inayokaribia kuchemka.

Jambo ninalotaka kulieleza hasa lilitokea kabla ya hapo, kule kwenye nyasi za dola 60, watu wakichoma nyama nyuma ya magari yao. Mzee mmoja wa Penn State, aproni nyeupe, alitukaribisha soseji. Akatuuliza, "Mmetoka wapi?" Nikajibu, "Iowa."

Akasema, "Mmetoka mbali. Kuleni."

Basi. Hakuuliza la pili. Miaka kumi na moja niko nchi hii, na kila ninapojibu swali hilo linafuata lile la pili: sawa, lakini hasa umetoka wapi? Nalijibu bila kinyongo, Kigoma naipenda. Lakini siku ile nilivaa njano kati ya watu waliovaa nyeupe, na karibu yangu walikuwepo wazee wa Iowa, waliozaliwa huko, wakulima wa mahindi, nao wakitazamwa, nao wakiulizwa wametoka wapi, nao wakishika simu zenye tiketi zao kwa wasiwasi wasije wakakosea mlango. Wote tulikuwa wageni kwa kipimo kimoja. Shemeji alikula soseji tatu. Mimi ilinichukua muda kumeza ile ya kwanza.

Mechi yenyewe sitairefusha. Mpaka mapumziko ilikuwa 10 kwa 0, na pale juu kwenye kona bado tulikuwa tunaamini, kwa sababu kumi ni chache, kumi zinarudi. Baada ya hapo ikafunguka. Iliisha 31 kwa 0. Penn State walicheza mashambulizi 97, sisi 33. Usiku mzima tulisogea yadi 76 tu, pungufu ya urefu wa uwanja. Iowa haikuwa imemaliza mechi bila pointi tangu 2000. Mpira ulikuwa unateleza mikononi mwa vijana wetu, na mvua niliyoiombea mimi ndiyo iliyoutelezesha.

Nyuma yetu alikaa bibi mmoja wa Iowa mwenye daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anaandika kila shambulizi kwa penseli, mkono ndani ya mfuko ili karatasi isilowe. Alikuwepo 2009, alituonyesha ukurasa wake, maandishi yamefifia. Robo ya nne watu wetu wengi walishaanza kushuka ngazi. Yeye aliilamba ncha ya penseli, akaandika mpaka sekunde ya mwisho, akafunga mfuko kwa mpira wa nywele, akatuuliza kama tunajua njia ya kurudi garini.

Asubuhi nilimpigia baba Kigoma, kwake ilikuwa jioni. "Mmefungwa ngapi?" Thelathini na moja. Kimya. "Kipa wenu alikuwa nani?" Nikamweleza kwamba mara moja tu ya kuvuka mstari inakupa sita, na nyongeza juu yake, kwa hiyo ni kama mabao manne na kidogo. Akafikiri. "Hata hivyo," akasema, "manne ni mengi, mwanangu."

Jumapili tukarudi. Ohio magari ya bendera nyekundu yalikuwa yanarudi mashariki yakipiga honi. Timu yao ilishinda 17 kwa 14, wakivuka mstari ikibaki sekunde moja. Nilimwaza yule mama na redio yake na deki yake, sekunde ile moja ilimkuta anasafisha nini. Tulisimama kwenye kituo cha upande wetu tukapata kahawa ya dola nne. Simu niliishika mkononi hata chooni.

Tulivuka mto Mississippi kuingia Iowa giza limeshaanza. Shemeji alikuwa anaendesha, hajasema neno tangu Chicago, nikadhani amechoka.

"Bofrere. Wisconsin ni lini?"

"Tarehe 14, mwezi wa kumi. Huko huko kwao, Madison."

"Ni saa ngapi kwa gari?"

"Tatu."

"Tatu tu," akasema, akaongeza mwendo kidogo. "Na haina toko."