Boksi la mkusanyaji: mimi ninaanza kwa kulitoa gemu

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu matoleo ya mkusanyaji (gemu la video linalouzwa ndani ya boksi kubwa pamoja na sanamu, kitabu na vitu vingine vya kuweka) ulikuwa mfupi: tafuta lenye sanamu kubwa, usilifungue, liweke miaka mitano litapanda bei. Aliyeutoa hakuwa na hata boksi moja nyumbani kwake. Mimi ninayo saba, hapa hapa Tabora, na yote yalifunguliwa siku yalipofika. Nikiulizwa lipi linafaa pesa, sianzi na sanamu. Ninaanza kwa kulitoa gemu.

Ni hesabu ya kutoa, ile ya darasa la pili. Shika bei ya boksi, toa bei ya gemu pamoja na nyongeza zake za kidijitali, kinachobaki ndiyo bei ya vitu. God of War Ragnarök ya 2022 ilitoka na boksi la dola 199.99, na toleo la kupakua lenye nyongeza lilikuwa dola 79.99. Baki dola 120. Kwa hizo unapata nyundo ya Mjölnir ya inchi 16, vinyago viwili vya inchi mbilimbili, dadu na kasha la chuma la kuwekea diski. Sasa jiulize: nyundo ile ingewekwa dukani peke yake, ningeitolea hela hiyo? Ukijibu ndiyo bila kusita, nunua. Ukianza kuwataja vinyago na dadu ili waisaidie nyundo, acha.

Na lile kasha la chuma ni tupu. Boksi hilo halina diski, lina namba ya kupakulia gemu. Spider-Man 2 ya 2023, yenye sanamu ya inchi 19, nayo ni hivyo hivyo. Mtu wa mjini mwenye faiba nyumbani anaweza kucheka. Sisi wa bando hatucheki: gemu kubwa la siku hizi linakula GB 80, 100 na zaidi, na baada ya hapo huwezi kuliazimisha wala kuliuza. Diski unaichezea, ukichoka unaiuza, na boksi linabaki na vitu vyake. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza: soma orodha ya vilivyomo hadi mstari wa mwisho, herufi ndogo nazo, ukitafuta neno diski. Kwenye Switch 2, mashine ya Nintendo, ongeza uangalifu, maana kuna kadi ambazo ndani hazina gemu, ni ufunguo tu wa kulipakua.

Hapa niliumia. Nilinunua boksi la mkononi, yaani kwa mtu aliyekwisha kulinunua, lenye namba ambayo bado haijakwaruzwa, nikajiona mjanja. Akaunti yangu ya PlayStation ni ya Uingereza (Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zao, kila mtu hapa amejisajili nchi za watu), na boksi lilikuwa la Marekani. Namba ikagoma. Muuzaji ananiambia “jaribu tena kaka”, kana kwamba namba ina haya na itazoea. Namba za PlayStation zinafuata nchi ya akaunti, basi. Diski za PS4 na PS5 hazina mpaka, ila namba zina mpaka.

Nilivyojikwamua: nilifungua akaunti ya pili ya Marekani kwenye PS5 ileile, nikaingiza namba huko, gemu likashuka, kisha nikiwa ndani ya akaunti hiyo nikawasha ile sehemu ya mipangilio inayoruhusu watumiaji wengine wa mashine kucheza, hata bila intaneti. Nikarudi kwenye akaunti yangu ya Uingereza nikacheza, na rekodi zote zinaingia kwangu. Lakini hii inafaa kwa gemu zima. Nyongeza ya Marekani haiungani na diski ya Ulaya, hata ufungue akaunti kumi. Tangu siku hiyo, boksi la mkononi nikilinunua naihesabu namba kuwa sifuri. Ikikubali, bahati.

Nguo na silaha za ndani ya gemu nazo ni sifuri. Ruhusa ya kucheza siku tatu kabla ya wengine ni chini ya sifuri, kwa sababu siku hiyo boksi langu huwa bado liko baharini.

Kitabu cha picha ndicho kinachodumu, na watu hawahesabu kurasa. Toleo la The Witcher 3 la 2015 lilikuwa na kitabu cha kurasa 200, sanamu ya sentimita 33 kwa 24 kwa 26 ya Geralt, shujaa wa gemu, akipigana na mnyama grifini, medali, kasha la chuma na diski. Na bado kuna mtego: ramani, stika na CD ya muziki vilikuwamo hata kwenye toleo la kawaida la gemu hilo, hivyo muuzaji akikutajia ramani kama sababu ya bei, mkatalie. Elden Ring ya 2022 ilikuja na sanamu ya sentimita 23 ya Malenia, mpiganaji wa ndani ya gemu, na kitabu cha kurasa 40. Kurasa 40 ni kijitabu. Pale unamnunua Malenia, na kwangu anatosha.

Vitu vya kuvaa ninaviogopa. Kofia ya Halo 3, ile ya toleo la Legendary la 2007, haiingii kichwani mwa mtu. Wenye nazo waliwavalisha paka. Pip-Boy ya Fallout 4 ya 2015, kifaa cha kuvaa mkononi kinachowekwa simu ndani, ilitengenezewa simu za wakati ule, na hata wakati ule simu kubwa kama iPhone 6 Plus hazikuingia. Halafu kuna kisa cha Fallout 76 mwaka 2018: boksi la dola 200 liliahidi begi la turubai, watu wakapokea la nailoni. Kwanza kampuni ikawapa sarafu 500 za ndani ya gemu, na kelele zilipozidi ndipo ikakubali kuwatengenezea begi la turubai. Ndiyo maana siagizi kabla ya kutoka. Ninasubiri wiki mbili, ninatazama video za watu waliofungua, ninahesabu na kalamu mkononi.

Kitu chenye taa, geuza usome chini yake. Kama kimeandikwa 100-240V, chomeka. Kama ni 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utakiunguza kabla hujaita watoto waje kuona.

Usafiri ndio unaoua bei, na hapa wengi wanapotea kwa kufikiria uzito wa mzani. Wasafirishaji wengi wa vifurushi kwa ndege wanatoza uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 35 linatoa kilo 14, hata kama mzani unasema nne. Unalipia kilo kumi za hewa. Kwa meli boksi hilohilo ni mita za ujazo 0.07, na mawakala wa Kariakoo wanapokea mizigo midogo ya kuchanganya na ya wengine. Utangoja miezi, lakini bei inakuwa ya binadamu. Ukumbuke ushuru unapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote, kwa hiyo usafiri ghali unalipiwa mara mbili. Boksi langu la mwisho lilifika Dar kwa laki saba na ushee.

Kutoka Dar kuja Tabora ndiko nilikoharibikiwa. Nililipakia kwenye buti la basi. Buti la basi mwezi wa kumi ni tanuri. Nilipofungua, upanga wa sanamu ulikuwa umepinda kama ndizi.

Kabla ya kugusa chochote, jua umeshika nini. Sanamu nyingi za maboksi haya ni PVC, aina ya plastiki: nyepesi, na sehemu nyembamba inanesa kidogo ukiigusa. Za resini ni nzito, baridi, ukizigonga kwa ukucha zinalia kama kikombe. Resini ni rahisi kuvunjika kuliko PVC, na haya ninayoeleza ni ya PVC. Yangu ilikuwa PVC.

Jaribio la kwanza nilinyoosha kwa nguvu, bila joto. Ikatokea alama nyeupe pale nilipokunja, na upanga ukarudi ulikokuwa. Alama ile ipo mpaka leo, nimeigeuzia ukutani. Jaribio la pili nikaazima drayer ya saluni, kwa ushauri wa mtu mwingine tena ambaye hana sanamu. Joto la drayer haliendi sawasawa: ncha ikalegea kabla ya shina, ndizi ikawa na mkia wa nguruwe, na rangi ya fedha ikapoteza mng’ao. Dada wa saluni akaniuliza kama ninamsuka.

Lililofaulu ni maji. Vikombe viwili vya maji yanayochemka, kimoja cha mtungini. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, ukichanganya hivyo unapata kama nyuzi 72, na hapo PVC inalegea bila rangi kudhurika. Usitumie ya kuchemka tupu. Tumbukiza upanga peke yake, mwili ubaki nje, hesabu hadi sitini. Utoe, ulaze mezani, uupitilize kidogo upande wa pili, kwa sababu PVC ina kumbukumbu na itarudi nusu ya njia. Halafu vijiti viwili vya mishikaki, kimoja kila upande, funga kwa uzi wa pamba (uzi wa nailoni unachora), na uzamishe kwenye bakuli la maji na barafu kwa dakika mbili. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nikaacha vijiti usiku kucha, asubuhi nikafungua: rula. Nilimwita jirani aje aone. Hakuelewa anaonyeshwa nini, lakini alisema “hongera”.

Sanamu yenye betri, taa au karatasi iliyobandikwa usiizamishe hata kidogo. Chovya kitambaa kwenye maji hayo ukizungushie.

Boksi lililofuata nililikatia tiketi. Kiti kizima, nauli ya mtu mzima, dirishani upande wa kivuli, mkanda juu. Konda alitaka kunigombeza, nikamwonyesha tiketi mbili. Nauli ile ni ndogo kuliko upanga.

Na kama ningefuata ule ushauri wa “usilifungue”? Ningelikuta limepinda baada ya miaka mitano, ndani ya nailoni yake nzuri, na mchwa wameshaanza kwenye kona. Boksi ni karatasi, na karatasi Tabora haina mwenyewe. Kwa hiyo kabati nimelitengeneza kwa mninga, na hapo sisi tumebarikiwa, mbao ipo. Mwambie fundi hutaki weupe wa nje ya mti, unataka moyo wake mwekundu tu; mchwa na dumuzi wanauacha moyo na kula weupe. Kina cha ndani sentimita 40, maana sanamu pana inataka 33 na nafasi ya kuzunguka. Mlango wa kioo cha milimita 5 wenye ukanda wa sponji pembeni, la sivyo vumbi la kiangazi linaingia kama limealikwa. Acha vidole viwili kati ya kabati na ukuta ili uone njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda. Miguu minne nimeisimamisha ndani ya makopo ya maziwa yenye oili chafu.

Fundi aliponiuliza linakwenda kuwekwa nini nikamwambia ni vyombo. Siku ya kulileta akaona Malenia kwenye meza, akatazama, akasema, “Bwana mdogo, hiki chombo kinapika nini?”

Sanamu ikianza kunata, si uchafu: joto linasukuma mafuta ya plastiki yatoke juu. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, brashi laini ya vipodozi, kausha kivulini. Upanga nao nimeuwekea uzi wa kuvulia samaki kutoka kwenye dari ya kabati, hauonekani ukiwa hatua mbili, na mwezi wa kumi ukija unaning’inia hapo badala ya kulala.