Vile tulichagua AI ya kukagua msimbo kwa timu yetu

Wale mnauliza AI gani inafaa kukagua msimbo wa programu (code) wa timu ndogo, usichague kwa kuangalia demo, demo imetengenezwa ipendeze. Sisi tuko Kilimani, tunajenga mfumo wa malipo wa maduka na karibu kila kitu kinapitia Daraja, ile API ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, kwa hivyo bagi (kosa kwa msimbo) ikipita hapa ni pesa ya mtu imepotea na huyo mtu atapiga simu asubuhi na mapema.

Tulirudi kwa pul rikwesti za zamani, yaani mabadiliko ya msimbo yenye mtu ameomba yaingizwe, zile zenye tulijua zilikuwa na bagi na tukaja kuzirekebisha baadaye, tukazifungua upya kwa repo (hifadhi ya msimbo) ya majaribio halafu tukaachilia kila AI isome bila kuambiwa chochote. Majibu tayari tunayo, kwa hivyo hakuna kubishana.

Yenye ilitenganisha hizi AI kabisa ni ile bagi ya kolbaki, yale majibu M-Pesa inakurudishia. Ukituma STK push, ile ombi la malipo linatokea kwa simu, mteja anaweka PIN, halafu majibu yanarudi kwa seva yako, na lazima ujipange kwamba majibu ya malipo yale yale yanaweza kukufikia zaidi ya mara moja, sasa kama huangalii kwanza CheckoutRequestID, ile namba ya kutambua ombi la malipo, kuona kama ulishaipokea, utamwongezea mteja salio mara mbili. AI moja ilisoma tu mistari iliyobadilika, ikasema badilisha jina la variabo, ikasema ongeza maelezo hapa, basi. Nyingine ilifungua mafaili mengine ikafika mpaka kwa tebo ya databesi, ikaona hakuna kitu kinazuia ile ID kuingia mara mbili, na ikasema wazi salio litaongezeka mara mbili. Dada wetu wa bakendi aliisoma akaniita, "Kuja uone hii."

Kitu kingine, kelele. Kila komenti tuliiuliza swali moja, ungebadilisha msimbo juu ya hii? Ndio ama la. AI yenye inamwaga komenti nyingi za mambo madogo inafundisha watu kutosoma, na siku italeta ya maana itapita tu na zingine. Mambo ya nafasi na mabano linta, programu ya kukagua mpangilio wa msimbo, inafanya bure.

Kabla ya kuunganisha chochote tulipitia repo yote tukahakikisha hakuna namba ya simu ya mteja halisi kwa mafaili ya testi na hakuna passkey (ile siri ya kuunganisha na M-Pesa) imeandikwa mahali, juu msimbo unaenda kusomwa kwa seva ziko nje ya nchi na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti ya kupeleka data za watu nje. Pia soma mkataba mpaka mwisho, utafute kama msimbo wako utatumika kufundisha modeli yao. Hapo kuna zenye tuliacha hata bei hatujaangalia.

Bei yenyewe ni dola kwa kila developa kwa mwezi, uliza wanahesabu nani, kuna wenye wanahesabu kila mtu ako kwa repo na kuna wenye wanahesabu tu anayefungua pul rikwesti. Kwa timu yenye ina watu wa testi na wa dizaini hapo ndani, hiyo tofauti ni kubwa.

Ile AI tulichagua tuliiandikia faili ya maagizo ndani ya repo: kwa majibu ya M-Pesa, ResultCode (namba ya matokeo) 0 pekee ndio malipo yamepita, 1032 ni mteja amekata mwenyewe, pesa isiwekwe kwa floti (aina ya namba za desimali kwa msimbo), namba ya simu ianze na 254. Baada ya hiyo faili komenti zake zilikuwa nzuri sana. Lakini haina ruhusa ya kuapruvu. Pul rikwesti yoyote inagusa malipo lazima isomwe na mtu, na aliyeiandika akifuata komenti ya AI anaeleza kwa maneno yake kwa nini ameifuata, juu kuna vijana wanaanza kazi na nataka wajue malipo yanafanya kazi aje, si kubonyeza tu kukubali.