Linki za video ziwekeeni muda wa mwisho

Video za harusi ya dada yangu ziko kwenye seva yangu mwenyewe, na jamani msiweke faili kwenye folda ya wazi mkitegemea jina refu lisilobahatishika, linki ikishatupwa kwenye grupu la WhatsApp ndo basi tena. Mi natumia Nginx (programu ya seva ya wavuti) na ile moduli yake ya secure_link inayokagua linki, linki inabeba muda wa mwisho pamoja na saini inayotokana na neno la siri lililoko kwenye seva tu, mtu akichezea hata herufi moja anakula 403 (kakataliwa kuingia), na muda ukipita nimeiseti itoe 410 (haipo tena). Kuangalia referer (ukurasa ambao kivinjari kinadai mtu katokea) peke yake hakutoshi kabisa, inafojiwa kirahisi mno. Ila mwenye linki iliyo hai bado anaweza kuishusha video yote, hapo hamna dawa.