Nilikwenda Bletchley kumtafutia mama mashine yake

Treni ya kutoka Euston, London, hadi Bletchley haifiki saa nzima, na nusu ya njia niliimaliza kwa kujibu ujumbe wa mama. Yeye yuko Dar es Salaam. Miaka ya 70 alikuwa mtoboaji kadi katika ofisi moja ya mjini, akitoboa matundu kwenye kadi za karatasi ambazo kompyuta ilizisoma, na aliposikia naenda makumbusho ya kompyuta za zamani, alisema neno moja tu: "Ukizikuta zetu, nipigie."

Mvua ya manyunyu, koti jepesi, kosa langu mwenyewe. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya Colossus, mashine aliyoibuni Tommy Flowers, iliyosaidia kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani kuanzia 1944. Iliyopo leo imeundwa upya. Niliipa heshima yake, nikapita. Nilikuwa nawahi kuiona WITCH, kompyuta nyingine ya zamani, ikiwashwa.

Ilianza kazi mwaka 1951 huko Harwell, kwenye kituo cha utafiti wa nyuklia. Uzito wake tani 2.5, na ndani ina dekatroni 828. Dekatroni ni taa ndogo ya kioo iliyojaa gesi, na ndani yake kuna nukta ya rangi ya chungwa inayoruka vituo kumi, sifuri mpaka tisa. Ikimaliza mzunguko, inamsukuma jirani yake hatua moja, kama tulivyokuwa "tunabeba moja" darasa la pili. Unasimama mbele ya kabati na hesabu inafanyika mbele ya macho yako, rilei, yaani swichi zake za umeme, zikilia ta-ta-ta kama mvua inayoanza kwenye bati. Simu niliyokuwa napigia picha inafanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde na haijawahi kunionyesha hata moja.

Ni polepole kweli. Kuzidisha namba mbili tu huichukua sekunde tano mpaka kumi. Wakati ule Harwell walimshindanisha nayo mtaalamu wa hesabu, Bart Fossey, akiwa na mashine yake ya mezani ya kupigia hesabu. Akaenda nayo sambamba kama nusu saa, kisha akanyoosha mikono. WITCH haikujua hata kwamba kulikuwa na mashindano. Na hapo ndipo thamani yake ilipokuwa: sikukuu moja ya Krismasi waliiacha peke yake na tepu ndefu ya karatasi iliyobeba maagizo yake, wakarudi baada ya siku zisizopungua kumi, bado inagonga. Wakitaka irudie hatua zilezile, walibandika ncha mbili za tepu zikawa pete, ikazunguka. Ile pete ya karatasi niliitazama kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Mwaka 1957 ilitolewa kama zawadi ya mashindano kwa chuo cha Wolverhampton, na ndiko ilikopewa hili jina la kichawi, maana "witch" kwa Kiingereza ni mchawi. Ikafundisha wanafunzi mpaka 1973. Baadaye ikafunguliwa vipandevipande na kuwekwa stoo, hadi watu wa kujitolea walipoifufua na kuiwasha tena 2012.

Chumba kingine kina ICL 2966, kompyuta ya makabati marefu ya miaka ya 80. Hapo nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama. Hizi hapa."

"Marahaba. Hebu sogeza simu." Akanyamaza kidogo. "Hayo mageni hayo, mwanangu. Yetu yalikuwa ya zamani zaidi."

Kiukoo hakuwa mbali. ICL, kampuni ya kompyuta ya Uingereza, ilizaliwa 1968, pale kampuni ya ICT ilipoungana na wenzake, na mashine za ICT zilikuwa zimeshafika Dar es Salaam. Kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mama anasema kwao mashine mpya walizisikia tu.

Nikamuonyesha kadi zilizopangwa kwenye kabati la kioo. Sauti yake ikabadilika ghafla.

"Safu themanini! Hizo ndizo. Ukiangusha bunda, siku imekwisha. Angalia ubavuni, wamepiga mstari wa mshazari kwa kalamu?"

Nikainama mpaka paji la uso likagusa kioo. Mstari ulikuwepo, umefifia, unashuka kutoka kona moja ya bunda hadi nyingine, ili kadi zikimwagika ujue ipi inafuata ipi.

"Upo, mama."

"Basi huyo alishawahi kuziangusha," akasema, akaanza kucheka.