Mlio wa Bisi

Jana jioni nilikuwa nakaanga bisi. Binti yangu akasogea jikoni, akasikiliza zinavyopasuka ndani ya sufuria, akauliza, "Baba, nani anazigonga?"

Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nimesharudi kwenye maabara ile ya Nakuru, dirisha likitazama mlima wa volkano wa Menengai.

Tulikuwa tunatafuta kigunduzi cha mionzi kitakachoshuka kwenye visima vya mvuke. Mawe ya huko yana potasiamu, urani na thori, na miale ya gama inayotoka humo humwonyesha mchimbaji tabaka alilofikia. Shida ni joto: chini kule hupita nyuzi 300. Sisi tulikuwa na tanuri dogo, spika ya kulia "ta" kila mwale unapohesabiwa, na vigae viwili vya kugundulia mionzi, kimoja cha silikoni na kingine cha silikoni kabaidi, kidogo kama dengu.

Silikoni ilitangulia, kidonge cha amerisiamu, chenye kutoa mionzi, kikiwa mbele yake. Ta... ta... ta. Tukapandisha joto hadi nyuzi 60, kisha 80. Ta-ta-ta-ta. Moyo ukanidunda kwa furaha. Niliandika kila hesabu daftarini. Mzee fundi alinitazama kitambo bila neno. Kisha akakinyanyua kidonge kwa koleo, akakifungia ndani ya kasha la madini ya risasi, yanayozuia mionzi, akalipeleka hadi mwisho wa chumba.

Mlio haukukoma.

Nilibaki na kalamu hewani. Mbele ya kigunduzi hapakuwa na kitu, nacho kilizidi kuhesabu, mbio mbio, kama mvua inayoanza juu ya mabati.

"Hilo ni joto, kijana wangu," akasema.

Elektroni ya silikoni inahitaji nishati ya elektroni-volti 1.12 tu kuruka pengo linaloizuia kutembea huru, na joto huirusha bila mionzi yoyote. Pengo la kabaidi ni 3.26. Tulipokiweka kigae chake, nyuzi 100: kimya. 150: kimya. Kidonge kikarudishwa: ta... ta... Sijasikia kimya kitamu kama kile kilichotangulia.

Karibu na nyuzi 183 lehemu ya bati na risasi ikayeyuka, waya ukadondoka. Kigae kizima, waya chini.

Daftari ninalo bado. Zile hesabu za silikoni sijui ngapi zilikuwa za amerisiamu na ngapi za tanuri, na sijazifuta.

"Hakuna anayezigonga, mama. Ni joto."

Akafunua kifuniko ahakikishe.