Pistoni ya pili ilivyokuwa ikikwama

Kwenye tarumbeta, pistoni (kile kichuma cha ndani kinachoshuka ukibonyeza kitufe) inayosumbua mara nyingi ni ya pili. Watu wa bendi za usharika wanaijua: unaibonyeza vizuri, ukiiachia hairudi, na Ti inaendelea kulia wakati wenzako wameshafika Do. Wengi hukimbilia mafuta. Tarumbeta hii niliyokabidhiwa na mwalimu wa bendi hapa Moshi ilikuwa imenyweshwa mafuta ya cherehani mpaka yanachuruzika.

Nikaiosha kwanza: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa kisichoacha nyuzi. (Pistoni zina namba 1, 2 na 3, usizichanganye.) Ya kwanza na ya tatu zikateleza, ya pili ikagoma palepale. Basi si uchafu. Nikaigeuza juani nikaona upande mmoja unang'aa, mahali inaposuguana na ukuta wa silinda, bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kumbe chanzo kiko nje: kile kimrija kifupi cha pistoni ya pili kimejitokeza pembeni, na tarumbeta ikigongwa kwenye benchi, ndicho kinachousukuma ukuta kwa ndani. Kidogo tu, ila nafasi iliyopo humo ni nyembamba kuliko unywele.

Jirani yangu, fundi magari, akasema, "Lete nikupe pesti ya kusagia vali, itateleza yenyewe." Nikamshukuru, sikuichukua. Pesti ile ni ya injini, chembe zake ni kubwa. Pistoni ikishaliwa, upepo unavuja, na kuirudisha ni kazi ngumu.

Nilichonga kijiti cha mninga, nikakichomeka kwenye tundu la kimrija na kukivuta nje kidogo kidogo, nikiijaribu pistoni kila mara bila springi, mpaka ikashuka kwa uzito wake.

Zikabaki pedi, vile vipande laini vinavyoisimamisha pistoni ikifika juu au chini. Mtu aliwahi kuweka vipande vya ndala, vinene mno. Nilichomoa kimrija nikamulika ndani kwa tochi ya simu: matundu ya pistoni na ya silinda hayakukutana, sehemu imezibwa. Pedi iliyo chini ya kifuniko hupanga pistoni ikiwa juu. Iliyo chini ya kitufe huipanga ikibonyezwa. Nikakata nyingine kwenye kofia kuukuu ya sufu, nikazipunguza kwa wembe mpaka matundu yakalingana. Sauti ikafunguka, hasa ya chini.

Mwalimu sasa ameniletea honi ya Kijerumani, ala nyingine ya bendi ya kupuliza. Hiyo nimemwomba asubiri. Vali zake, zinazofanya kazi ya pistoni, huzunguka badala ya kupanda na kushuka, na kuzitoa ni mpaka ugonge ekseli kwa nyundo ya mbao. Kwa chombo cha usharika, sijathubutu.